Shahada ya kriminolojia na deni la HELB

Makala moja niliyoisoma imewahimiza vijana wasomee kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, kwa kuwa Kenya inahitaji askari waliosoma, na kwa hilo nakubaliana nayo kabisa; lakini haikugusa hesabu ambayo kila mzazi anapaswa kuifanya kabla mwanawe hajatia sahihi fomu ya mkopo. Anayejiunga na polisi kama konstebo huhitaji alama ya wastani ya D+ katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ilhali shahada hudai C+, kisha miaka minne ya karo, malazi na chakula. Wawili hao wanaweza kujikuta katika gwaride moja, isipokuwa mmoja wao anadaiwa na HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, mkopo wenye riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na asipoulipa kwa wakati hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi.

Tusisahau pia kwamba mwaka 2018 askari wenye shahada walipunguziwa mishahara waliyokuwa wakilipwa kwa ajili ya elimu yao, hata wakalazimika kwenda mahakamani.

Mpwa wangu ana shahada hii, naye hulinda lango la ghala usiku kucha. Inaniuma anaponiuliza alikosea wapi, kwa sababu hakukosea popote. Kwa maoni yangu, kijana anayeipenda kazi hii kwa dhati ni heri ajiunge kwanza na kikosi, kisha asome jioni akijilipia karo kutokana na mshahara wake, na anayelenga kuchunguza ufisadi afikirie sana uhasibu au sheria.