Tunakusanyika Ili Iweje?

Mahudhurio yakipungua, hasa msimu wa tumbaku watu wanapohamia mashambani, makanisa mengi hapa Tabora hutoa andiko lilelile: Waebrania 10:25, "wala tusiache kukusanyika pamoja". Limekuwa fimbo ya watoro. Aya ya 24, inayotangulia hiyo, huisikii: "tukaangaliane sisi kwa sisi na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri." Aliyeandika hakuwa anahesabu vichwa. Alitaka watu waangaliane, na sisi tunaangalia visogo kwa saa tatu, kisha kila mtu kwake.

Mahubiri siku hizi yapo redioni na kwenye simu, tena mazuri. Kwaya vilevile. Usichokipata huko ni mtu wa kukuuliza mbona umekonda hivi.

Wakorintho hawakuwa watoro. Walikusanyika, na bado Paulo akawaambia wanakusanyika "si kwa faida bali kwa hasara", kwa sababu wenye chakula walikula na kulewa huku wasio na kitu wakibaki na njaa. Nikisikia waliotoa ahadi kubwa za ujenzi wakisomwa kwa vigelegele, na mama aliyeleta mayai mawili akipita kimya, nawakumbuka Wakorintho.

Mnada wa sadaka za vitu baada ya ibada siupingi, lakini. Jogoo akipandishwa bei chini ya mwembe watu hucheka, huulizana habari za nyumbani, mzee hununua maembe akamgawia mtoto wa jirani. Kuna Jumapili mnada unakuwa kanisa kuliko ibada yenyewe.

Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki waliliona hili mapema, walipozipa kipaumbele jumuiya ndogondogo miaka ya 1970. Familia chache za mtaa mmoja, Injili inasomwa sebuleni kwa mtu. Ukipotea, kuna atakayekuja kugonga mlango. Ingawa huko nako michango imeanza kula muda wa Neno.

Wapo wanaosema, "Mimi nasali nyumbani, Mungu yupo kote." Yupo, sibishi. Ila huko nyumbani unamhimiza nani, na nani anakuonya?

Ningekuwa mzee wa zamu ningeanza na matangazo: nani anaumwa, anakaa mtaa gani, nani anakwenda kumwona leo jioni. Ujenzi usomwe mwisho, na muda ukiisha, usubiri Jumapili ijayo.