Msikimbilie Kupiga Windows Upya

Kompyuta ya nyumbani ikishakuwa nzito, fundi wa mtaani atakwambia jambo moja: "Hii tuipige Windows upya," yaani kufuta vilivyomo na kuiweka Windows kuanzia mwanzo. Unamwachia, unalipa, siku za mwanzo inawaka vizuri. Ukisharudisha programu zako na masasisho yakaingia, uzito ule ule umerudi. Ushauri huu naupinga, tena unaniuma, kwa sababu katika kupiga Windows huko watu wamepoteza picha za harusi na kazi za shule za watoto bila hata kuulizwa kama wana nakala.

Kompyuta inapowaka inasoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika kwenye diski. Laptopu nyingi za zamani zina diski ya kuzunguka, mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa kidogo cha kusomea kinachohama huku na huko kutafuta kila faili. Kila kuhama kunakula milisekunde kumi au zaidi. Moja si kitu, lakini yakifika maelfu ndiyo hali unayoijua: picha ya mezani imeshatokea, mshale unatembea, ila ukibofya hakuna kinachofunguka, na taa ya diski inapepesa mfululizo. Kupiga Windows kunafuta vilivyomo tu, diski yenyewe hakuibadilishi. Inabaki na mwendo wake ule ule.

Dawa ni kubadilisha diski yenyewe na kuweka SSD, diski inayohifadhi mambo kwenye chipu, haina kinachozunguka. Faili inalifikia kwa muda usiofika hata milisekunde moja, na mashine iliyokuwa ikikuweka dakika kadhaa inaweza kuwaka ndani ya nusu dakika. Kwenye laptopu nyingi za miaka ya 2010 kazi yenyewe ni skrubu chache: unafungua kifuniko cha chini, unachomoa diski ya inchi 2.5, unaingiza SSD ya SATA (aina ya kiunganishi kile kile cha diski ya zamani) pale pale. Windows na mafaili yako yanaweza kunakiliwa yote kama yalivyo. Na diski ya zamani udai urudishiwe, kwani ni mali yako na imebeba mambo yako ya ndani. Itie kwenye kasha la USB, iwe akiba ya picha.

Kabla ya kutoa hela, hakikisha mwenyewe. Washa kompyuta, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager, dirisha linaloonyesha kinachoishughulisha kompyuta, lifunguke. Angalia safu ya Disk. Kama imeganda kwenye asilimia 100 na wewe hujafungua chochote, tatizo umeliona. Ukiwa hapo hapo ingia sehemu ya Startup, ambayo imekuwepo tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Utakuta Teams, Spotify na programu ya printa ambayo hata hunayo tena, zote zimejipanga kuwaka pamoja na mashine. Bofya kulia, chagua Disable. Hujafuta kitu, ukiihitaji utaifungua mwenyewe. Antivirus iache, ila zikiwa mbili ondoa moja, maana zote zinakagua faili lile lile.

Zile programu zinazojitangaza kuwa zinasafisha rejista (ghala la mipangilio ya Windows) na kuongeza kasi, usizipakue. Microsoft wenyewe wamesema hawaungi mkono usafishaji huo wa rejista, na nyingi ya hizo huishia kujiweka kwenye orodha ile ile ya Startup.

Wapo wanaouliza kwa nini wahangaike na mashine ya zamani wakati Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inazikataa mashine nyingi za umri huo. Hoja ni ya kweli. Lakini mashine hiyo ukiiwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, kasi ya SSD itaifaidi vile vile, na mwanafunzi wa nyumbani ataandikia na kusomea bila shida.

Zinazonishinda ni laptopu ndogo za bei nafuu zenye eMMC, chipu ya kuhifadhia inayotumika badala ya diski, ya GB 32 au 64 iliyochomelewa kwenye ubao. Hiyo huibadilishi. Utapunguza vya Startup, utaacha nafasi ya kutosha, basi. Kwa hiyo ukienda kununua laptopu ya mtumba, kabla hujauliza bei muulize muuzaji ndani mna diski gani, na umwombe aiwashe mbele yako kutoka kuzimwa kabisa.