Kundi la Tatu Si Hatua ya Tatu

Wiki iliyopita WhatsApp ya ukoo wetu iliwaka moto. Shangazi, muuza vitenge kule Arua, alichukuliwa seli kwa sindano kwenye kivimbe cha tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, akapewa karatasi yenye maneno "Bethesda III". Aliyemkabidhi hakumwambia zaidi ya "mama, iko tatu", akaita mwingine. Kufikia jioni tulikuwa tunachanga pesa za mazishi, samahani, za matibabu.

Tatu! Nani hapa Uganda hajazika mtu wa saratani hatua ya tatu? Ndiyo maana ilisomwa hivyo. Lakini namba zile za Kirumi hazisemi saratani imefika wapi. Hazisemi hata kama ipo. Ni za mfumo uitwao Bethesda, unaopanga katika makundi sita kile patholojisti, daktari anayesoma seli kwa hadubini, alichokiona kwenye seli chache zilizonaswa na sindano. Kundi la II ni kivimbe kisicho na shida, ambapo uwezekano wa saratani ni kama asilimia 4. La VI ni 97. Hilo la III lililomliza shangazi ni seli zenye walakini tu, na toleo la 2023 la mfumo huo linalikadiria uwezekano wa saratani wa wastani wa asilimia 22. Maana yake, kati ya wanawake mia wenye karatasi kama yake, karibu 78 hawana saratani! Tena hesabu hizo zimetoka zaidi kwa waliopasuliwa, na anayepelekwa kisuni kwa kawaida ana dalili nyingine zilizomtia daktari wasiwasi, kwa hiyo kwa wote wenye karatasi hiyo huenda uwezekano ni mdogo zaidi.

Na wewe unayeshangilia kwa kupata I, kaa chini. Seli hazikutosha, rudi ukapimwe.

Sawa, wahudumu wetu wamezidiwa, foleni inaanza kabla ya alfajiri, patholojisti ni wachache mno. Nakubali. Ila sentensi moja, "mama, hii si hatua ya saratani", inamaliza sekunde ngapi?

Naona hasira zangu zina sababu, maana mtu aliyetishwa hukubali lolote. Binamu yangu alishaanza kutafuta daktari wa kuondoa tezi yote. Tezi yote ikiondoka, ni vidonge vya homoni kila siku hadi kaburini, na nani atavitafuta kila mwezi? Kwa kundi la III mara nyingi hurudiwa sindano, altrasaundi ikaangaliwa upya. Kundi la IV ndilo gumu kweli: sindano haiwezi kuonyesha kama seli zimetoboa ganda la kivimbe, kwa hiyo mara nyingi huondolewa upande mmoja wa tezi ukachunguzwe. V na VI, hapo sibishani, tafuteni daktari wa upasuaji haraka. (Mwenye mizizi ya kuyeyusha rovu aliyeniandikia faraghani, nimemzuia.)

Ukikabidhiwa karatasi hiyo, usibanduke dirishani. Uliza: ni kundi gani, uwezekano wa saratani ni asilimia ngapi, altrasaundi inasemaje, na je, sindano irudiwe? Wakikukunjia uso, uliza tena.