Kamati inakusalimu

Mimi si mtu wa televisheni. Tangu nihamie Reading, Uingereza, mwaka 2013, sijawahi kuwa nayo chumbani. Kule ukitaka kutazama matangazo ya moja kwa moja unalipia leseni, na mwaka 2025 leseni hiyo ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka. Ila kwangu pesa haikuwa sababu. Sauti ya televisheni katika chumba cha mtu mmoja huniongezea upweke.

Kwa hiyo mwezi uliopita, nikiwa likizo kwa dada yangu huko Kimara, Dar es Salaam, nilipoitwa sebuleni kwamba vichekesho vinaanza, nilisema nimechoka na safari. Dada haombi mara mbili. Nikaenda. Sebuleni tulikuwa tisa: dada na shemeji, wapwa zangu wawili, na mama jirani na wanawe watatu, ambao luku yao ilikuwa imekata.

Kilikuwa kipindi kipya cha vijana, vipande vifupi vifupi. Kipande cha kwanza: kikao cha harusi. Kaka mmoja, akimwona binti aliyekaa mstari wa mbele, anasimama na kuahidi laki tano. Makofi. Tangu hapo mweka hazina, mama mpole mwenye daftari, hamwachii. Yule kaka akienda kwa kinyozi, mama yupo kiti cha pembeni. Akienda gengeni, mama anachagua nyanya. Hapandishi sauti. Anasema tu, "Kaka, kamati inakusalimu." Mwishowe kaka anajificha msibani, katikati ya wanaume waliokaa kwenye turubai, anainamisha kichwa kama mfiwa, na mkono unamgusa bega taratibu. Mama jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Shemeji alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Mimi ninadaiwa mbili." Hapo ndipo sebule nzima ilipolipuka, na mimi nilicheka kicheko ambacho sikumbuki mara ya mwisho kukicheka. Kadi za michango hunifikia hadi Reading, kwenye simu, nikiwa zamu ya usiku. Namfahamu yule mama. Namheshimu pia, maana bila yeye harusi nyingi za mji huu zisingekuwa na hata ubwabwa.

Nimeishi kwa Waingereza zaidi ya miaka kumi na ni watu wanaopenda kucheka. Mwenzangu kazini alinionyesha vipande vya Monty Python, kundi lililoanza BBC mwaka 1969, na mpaka leo watu wazima wanayakariri maneno yake. Kila neno nililielewa. Nilikaa pembeni yake nikimwona machozi yakimtoka kwa kucheka, nami nikatabasamu kwa adabu. Kiingereza nilijifunza shuleni. Utoto wao sikuwa nao. Na kinyume chake kiliniuma zaidi. Agosti 2018, King Majuto alipofariki, nilikuwa kazini, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia. Utamwelezaje mtu Mzee Majuto? Alikuwa anatokea tu, hajafungua mdomo, watu wameshaanza kucheka.

Nilidhani basi nyumbani nitaelewa kila kitu. Kipande cha pili kikanionyesha sivyo. Konda wa zamani wa daladala anapanda basi la mwendokasi, na mazoea hayamwachi: noti zimekunjwa katikati ya vidole, anagonga bodi, anamwita dereva "suka", anataka kuning'inia mlangoni. Mimi na dada tulicheka, kwa sababu konda huyo tumempanda sisi, kwenye Barabara hii hii ya Morogoro. Lakini alipofika getini akaanza kulitolea geti chenji, watoto wakaanguka chini, nami sikuona cha kuchekesha. Mpwa wangu akanitazama. "Mjomba, hujaelewa?" Mwendokasi ilianza 2016. Mimi nilikuwa nimeshaondoka.

Asubuhi alinipeleka Kimara Mwisho. Tukapita getini kwa kadi, tukasimama hadi Kivukoni, milango ikijifunga yenyewe nyuma ya migongo ya watu, na tulipofika Magomeni nikaanza kucheka peke yangu, nikikumbuka yule konda na chenji zake. Mpwa wangu hakuuliza nacheka nini.

Ndiyo maana simkubalii tena anayesema Ulaya kuna kila kitu. Kuna hospitali, kuna barabara, na ninavishukuru. Lakini chumba chenye watu tisa wanaocheka kwa sababu moja, tena bila kuelezana, kule sijakipata.

Nimeshakubaliana na dada. Kipindi kikianza saa tatu usiku Dar, Reading majira ya baridi ni saa kumi na mbili jioni, kabla sijaingia zamu. Watanipigia simu ya video. Nimemwambia mpwa wangu asiielekeze simu kwenye televisheni, kipindi nitakitafuta mwenyewe mtandaoni. Aielekeze kwenye makochi.