Pointi 4 hazikupi chuo: orodha ya maombi ipangwe kwa hesabu

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, makundi ya WhatsApp ya wazazi yanajaa ujumbe uleule: ukiwa na prinsipo mbili (masomo mawili yenye alama kati ya A na E) na pointi 4, chuo unapata. Wanaousambaza wana nia njema, sina shaka. Lakini ujumbe huo kila mwaka unawaacha vijana wenye matokeo mazuri wakizunguka mikono mitupu mwezi wa tisa, na umenifikisha mahali pa kuandika. Pointi 4 ni kiwango ambacho TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inakitaka ili ombi lako la shahada liweze kupokelewa. Kupokelewa kwa ombi ni jambo moja, kupata nafasi ni jambo lingine, na tofauti hiyo hakuna anayekaa na mtoto kumweleza.

Wengi wanapotea mapema zaidi, kwenye kuhesabu pointi zenyewe. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, inapopanga divisheni, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Kadiri pointi zinavyopungua ndivyo mtu alivyofaulu. TCU inakwenda kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni 0.5. Sasa kijana wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) mwenye two ya 12, yaani divisheni ya pili yenye pointi 12, anafungua mwongozo wa udahili wa TCU, anakuta udaktari wa binadamu umeandikiwa pointi 6, anafurahi kwamba ana mara mbili ya kinachotakiwa. Huyo ana D tatu. Kwa kipimo cha TCU ana 6 kamili, yaani amekanyaga mstari wa mwisho na hana hata nusu pointi ya ziada. Wa one ya 7 naye anadhani amepita kwa pointi moja, kumbe ana 11 na anaweza kuomba kwa kujiamini.

Njia ya mkato ipo. Kama masomo yako yote matatu yako kati ya A na E, chukua 18 utoe pointi zako za divisheni. One ya 9 inakupa 9, one ya 4 inakupa 14, two ya 11 inakupa 7. Ukiwa na S au F njia hiyo haifanyi kazi, kaa chini uhesabu somo kwa somo. Na kama kozi inataka prinsipo mbili tu, jumlisha mbili zile zinazotajwa na kozi, si zile mbili unazozipenda.

Hapa pana jambo ambalo linaumiza familia nyingi, kwa hiyo nitalikalia kidogo. Wachukue vijana watatu, wote wana division three ya 15. Wa kwanza ana D, D na F. Wa pili ana D, E na S. Wa tatu ana E tatu. Nyumbani wote wamepongezwa sawasawa, divisheni inasomeka sawasawa. Wa kwanza ana prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, anaweza kuomba shahada. Wa pili prinsipo zake mbili zinampa 3, hawezi. Wa tatu ana prinsipo tatu, lakini mbili zinampa 2 na hata zote zikijumlishwa anafika 3, naye hawezi. Anayeangalia divisheni peke yake atawatuma wote watatu kuomba vyuo vilevile, na wawili kati yao watalipa ada za maombi bure. Kwa hao wawili njia ni diploma, au programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, halafu wakimaliza na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 au zaidi wanarudi kuomba shahada. Ni njia halali, na ni bora kuliko kupoteza mwaka mzima ukisubiri miujiza ya dirisha la tatu la maombi.

Tuseme pointi umeshazijua. Fungua mwongozo kwenye chuo unachokitaka, soma mstari mmoja wa kozi moja taratibu. Kuna jina la kozi, namba yake, sifa za kuingia, pointi za chini, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Watu husoma jina na pointi, wanafunga. Soma sifa za kuingia neno kwa neno, maana humo ndimo yamo masomo yanayohesabika. A ya Kiswahili haina kazi kwenye kozi ambayo haikutaja Kiswahili. Uhandisi wa ujenzi unataka Hisabati ya Advance na Fizikia, kwa hiyo mtu wa PCB hata awe na A tatu hauingii. GS (General Studies) na BAM (Hisabati ya msingi kwa wasiosoma Hisabati ya Advance) hazihesabiki kama prinsipo, ila kozi kadhaa zinamdai asiyesoma Hisabati ya Advance awe na ufaulu wa BAM, au alama fulani ya Hisabati ya kidato cha nne. Sharti hilo mara nyingi liko mwishoni kabisa mwa aya, na limewaengua wengi.

Kisha idadi ya nafasi. Hii ndiyo namba ninayotamani kila mzazi aiangalie kabla ya pointi za chini. Kozi yenye nafasi 60 ikipata waombaji 900 wenye sifa, haiwachukui wote waliofikisha pointi za chini. Inawapanga kuanzia juu na kuteremka hadi 60 watimie. Kama wa sitini ana pointi 11, basi mwaka huo pointi 11 ndizo zilizohitajika, na ile 6 ya kwenye mwongozo haikumsaidia mtu. Ufaulu wa jumla wa kidato cha sita umefika asilimia 99 miaka ya karibuni. Maana yake waliovuka mstari wa chini ni wengi mno kwa kozi zinazogombaniwa, na ushindani wote uko juu ya mstari huo.

Kozi hiyo mwaka jana iliishia pointi ngapi? Hakuna kitabu kitakachokutajia, lakini dalili zipo na zinapatikana bure. Dalili ninayoiamini kuliko zote ni dirisha la pili. Dirisha la kwanza likifungwa, vyuo hutangaza kozi ambazo bado zina nafasi. Tafuta matangazo ya mwaka jana ya chuo unachokitaka. Kozi iliyoonekana humo haikujaa mara ya kwanza, kwa hiyo mwenye pointi za wastani ana matumaini ya kweli. Ambayo haikuonekana kabisa ilijaa, na mwenye pointi za chini aiombe akijua anabahatisha. Dalili ya pili ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliotoka shule yako: waulize waliingia na pointi ngapi, kozi gani, dirisha gani. Waulize watatu au wanne, mmoja hatoshi. Ya tatu, matokeo ya NECTA yako wazi kwa kila shule. Fungua shule kadhaa zenye kombi yako, yaani mchepuo wako wa masomo, uone wenye pointi zako wako katikati au mkiani. Hiyo ndiyo foleni utakayosimama.

Kosa kubwa kuliko yote, ambalo naliona mwaka baada ya mwaka kwa watoto wa PCB, ni orodha yenye kozi moja iliyorudiwa. Udaktari Muhimbili, udaktari KCMC ya Moshi, udaktari Bugando ya Mwanza, udaktari Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Kwenye karatasi inaonekana mtu ameomba vyuo vinne, kwa hiyo ana nafasi nne. Hana. Waombaji wa vyuo hivyo vinne kwa sehemu kubwa ni watu walewale, wenye hesabu ileile kichwani. Pointi zako zikiwa chini ya watu hao Dar es Salaam, zitakuwa chini yao Moshi, Mwanza na Dodoma pia. Kijana mwenye pointi 7 anayefanya hivyo anaamka siku ya majibu akiwa hana chuo hata kimoja, wakati pointi 7 hizohizo zingempa kozi nzuri ya sayansi au ualimu wa sayansi dirisha la kwanza.

Nakubali hoja moja ya upande wa pili, ingawa kwa shingo upande. Wenye pointi za juu huchaguliwa vyuo viwili au vitatu kwa pamoja, wanathibitisha kimoja, na nafasi walizoziacha zinarudi sokoni. Wapo walioingia udaktari dirisha la pili kwa pointi ambazo la kwanza zilikataliwa. Ni kweli. Lakini huwezi kupanga maisha ya mtoto juu ya nafasi ambayo mtu mwingine huenda akaiacha. Iweke iwe ziada.

Orodha ninayoitetea ni ya vyuo vinne au vitano. Ada ya maombi kwenye vyuo vingi ni shilingi 10,000 hivi, kwa hiyo kuomba vyuo kumi mfululizo ni kutupa fedha, na kimoja ni kujinyima. Kozi moja au mbili ziwe za kujaribu, zile unazozitamani na pointi zako ziko chini kidogo ya walioingia mwaka jana. Mbili au tatu ziwe saizi yako, pointi zako zikilingana na za walioingia. Moja iwe ya uhakika, ambayo imebaki na nafasi hadi dirisha la pili au la tatu kwa miaka miwili mfululizo, na wewe umeizidi pointi zake za chini kwa mbali. Vyuo vingi vinakuruhusu kupanga zaidi ya kozi moja kwenye ombi moja: usizijaze zote kwa kozi za moto, shuka ngazi kutoka ya kwanza hadi ya mwisho.

Na ile ya uhakika iwe kozi ambayo ukiipata utaisoma. Wengi wanaiandika kujaza tu nafasi, wakichaguliwa wanaikataa na kukaa nyumbani mwaka mzima. Kabla ya kuiandika, soma masomo ya mwaka wa kwanza, uliza wanaomaliza wanaajiriwa wapi, kisha jiulize kama uko tayari kwa miaka mitatu. Kama hauko tayari, hiyo siyo kozi yako ya uhakika, tafuta nyingine.

Suala la ada linahitaji ukweli mezani kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma. Udaktari wa chuo binafsi ni miaka mitano kwa ada ambayo ni mara kadhaa ya ile ya Muhimbili. Mzazi asihesabu kwamba Bodi ya Mikopo (HESLB) itabeba yote. Chuo ambacho familia haiwezi kukilipia bila mkopo wa asilimia 100 hakiwezi kuitwa cha uhakika, hata kama pointi zimezidi. Maombi ya mkopo yana dirisha lake HESLB na hayaungani na ya chuo. Tumia namba ileile ya mtihani wa kidato cha nne kote kuwili, hasa wewe uliyerudia mtihani na una namba mbili.

Mwisho, simu. Vijana wengi wakati huo wako JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo anayejaza ni kaka, shangazi au kijana wa stesheneri. Kijana wa stesheneri ana foleni ya watu ishirini, anaweka namba yake mwenyewe ili mambo yaende, na nywila anaijua yeye. Halafu unachaguliwa vyuo viwili, namba ya siri ya kuthibitisha inatumwa kwa meseji kwenye simu ile, na muda wa kuthibitisha ni siku chache. Kwa hiyo unapokwenda stesheneri, nenda na orodha yako ikiwa imeandikwa kwenye karatasi, jina la chuo, kozi na namba ya kozi, kwa mpangilio unaoutaka. Simama pembeni ya kioo. Hakikisha namba ya simu ni ya mtu wa nyumbani ambaye simu yake haizimwi, na barua pepe inafunguka mkononi mwako. Andika nywila za vyuo vyote kwenye daftari moja. Meseji ya kuthibitisha isipofika, ingia kwenye akaunti yako ya chuo husika uombe itumwe tena, siku hiyohiyo.