Herufi Kubwa na Ndogo Zisizae Faili Mbili

Kwa maoni yangu, kompyuta ya mtu wa kawaida haipaswi kuyachukulia majina "Ankara ya Machi" na "ankara ya machi" kuwa ya faili mbili tofauti. Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, huyatenganisha kwa kufuata desturi ya Unix, mfumo ulioanza kutengenezwa mwaka 1969. Windows na macOS, zisipobadilishwa mipangilio, huhifadhi herufi kama zilivyoandikwa, lakini haziruhusu majina hayo mawili yakae katika folda moja. Njia hii ya pili ndiyo ninayoiunga mkono.

Chukua saiba yoyote, yaani duka la kukodi kompyuta na intaneti, ya Mwembe Tayari, Mombasa. Mwenye duka huandika ankara kwenye simu, ambayo kibodi yake humwekea herufi kubwa mwanzoni bila kuombwa, kisha kijana wake huiendeleza saiba na kuihifadhi kwa jina la herufi ndogo tupu. Ikiwa kompyuta hiyo ni ya Linux, faili zote mbili zitakaa humo kimya, moja ikiwa na bei za zamani na nyingine bei za sasa, na itakayochapishwa ni ile iliyotangulia kuonekana. Zikinakiliwa kwenye flashi mambo huharibika zaidi, kwa kuwa flashi nyingi hupanga faili zake kwa mifumo ya FAT32 au exFAT, na huko majina hayo ni jina moja: kompyuta huuliza kama faili ya pili ifute ya kwanza, na mtu anayeikimbilia feri ya Likoni hubonyeza ndiyo.

Watetezi wa Linux wana hoja nzito. Kwa mashine, A ni namba 65 na a ni 97; kuzihesabu kuwa herufi moja kunahitaji jedwali, nalo jedwali hutegemea lugha, kwani Kituruki kina i yenye nukta na isiyo na nukta, kila moja na herufi kubwa yake. Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro ya usalama katika Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi za waandishi wa programu: kwenye kompyuta zisizotenganisha herufi, folda iliyoitwa .Git ilipenya ukaguzi uliokuwa ukizuia .git peke yake, folda ya mipangilio ya Git yenyewe. Hata hivyo, huo ni mzigo wa mafundi, na sioni kwa nini ashushiwe muuza duka.

Isitoshe, njia ya kati ipo. Tangu 2018 Windows humruhusu fundi kutenganisha herufi katika folda aitakayo, na tangu 2019 Linux inaweza kuacha kuzitenganisha katika folda za ext4, mfumo wake wa kupanga faili diskini. Lakini kwenye Linux mpangilio huo huwekwa kwa amri ya kuandikwa, tena folda ikiwa tupu, hivyo mtumiaji wa kawaida hataufikia. Wanaotayarisha Linux kwa ajili ya shule na saiba wauwashe wao kwenye folda ya nyaraka, kabla kompyuta haijamfikia mtumiaji.