Mwalimu Thelathini

Mtaani kwetu Chikongola, hapa Mtwara, watoto wananiita Mwalimu Thelathini. Wageni hudhani ni idadi ya fimbo. Nikinyamaza, mke wangu ndiye huwaeleza, na yeye akianza stori hiyo hamalizi mpaka chai ipoe. Bora niieleze mwenyewe.

Nafundisha hisabati sekondari, na jioni nina vijana wa tuisheni barazani kwangu. Takwimu wanaisoma kidato cha tatu, probabiliti, yaani hesabu za uwezekano, kidato cha nne. Vitabu karibu vyote vinaanza na mfuko wenye mipira myekundu na ya bluu. Miaka yote niliyokaa Mtwara sijamwona mtu akipita na mfuko huo, na wanafunzi wangu nao hawajamwona, ndiyo maana wanasinzia. Siku moja nikaweka korosho kumi kwenye kikapu, saba nzima, tatu zimeoza. Ukichomoa mbili bila kurudisha, uwezekano wa zote mbili kuwa nzima ni upi? Ya kwanza ni saba kwa kumi. Ya pili ni sita kwa tisa, maana kikapu kimeshapungukiwa na moja nzima. Zidisha, rahisisha, unapata saba kwa kumi na tano. Kijana mmoja wa nyuma akaja mbele, akachomoa mbili, akazigeuza mwangani, akazitia mdomoni.

"Bila kurudisha, mwalimu," akasema huku anatafuna.

Nikampa alama zote. Tangu siku hiyo darasa likachangamka, wazazi wakanisifia, na kichwa changu kikavimba. Nikawa kila ninapopita naona swali. Muuza ming'oko, ile mizizi ya porini tunayoila huku kwetu, kapanga mafungu, minene juu, myembamba chini: mimi nasimama namweleza kuhusu sampuli yenye upendeleo, yaani inayokuonyesha mizuri tu. Alinivumilia mara mbili. Mara ya tatu aliniambia kama sinunui nisogee, namzibia wateja.

Basi mdogo wake mke wangu akataka kuoa, na kikao cha walima kikaitishwa nyumbani kwa mama mkwe. Waalikwa walikuwa 300. Mjini hapa 180. Ng'ambo ya maji, Msangamkuu, upande wa marehemu baba mkwe, 60. Tandahimba, upande wa mama mkwe, 60. Mama mkwe akasema tupike cha watu 300, Mungu ndiye anayejua nani atakuja. Shemeji mkubwa, ambaye ndiye mwenye pesa na ndiye mwenye uchungu, akakataa. Shughuli iliyopita wali ulibaki sufuria mbili, kuku wa mtaa mzima wakanenepa.

Nikasimama. Laiti ningekuwa na haja ndogo wakati ule.

"Hili," nikasema, "ni swali la kidato cha nne."

Shemeji mkubwa ana daftari lake, kaunta buku yenye jalada jeusi, ambamo ameandika shughuli zote za ukoo: nani kachangia, nani kaahidi tu, na wageni wangapi walitoka wapi. Nikafungua ukurasa wa Msangamkuu. Shughuli sita za mwisho: 61, 0, 58, 0, 0, 61. Nikajumlisha, 180. Nikagawa kwa sita, 30 kamili. Sijui kama unaijua raha ya jibu lisilo na desimali. Ni kama kufungua kufuli kwa ufunguo wa kwanza kati ya kumi na mbili. Nikaona hapo kazi imekwisha, nusu yao watakuja. Hata namba ya katikati nikaitafuta kwa kujionyesha: ukizipanga, sifuri tatu, halafu 58, 61, 61, katikati ni 29. Kila njia inanirudisha palepale!

Tandahimba nao walikuwa wamekuja mara mbili katika shughuli tano, kwa hiyo nikawapa mbili kwa tano, yaani watu 24. Watu wa mjini, kwa daftari lilelile, huja saba katika kila kumi, yaani 126. Jumla 180. Kwetu watu hula sinia, walaji sita, kilo moja ya mchele kwa sinia. Mgawanyo: sinia 30, kilo 30. Shemeji mkubwa akanikumbatia. Alikuwa ameokoa mchele wa sinia 20 na nyama yake, kwa kalamu tu.

Bibi, mama yake mama mkwe, alikuwa kalala kwenye mkeka pembeni, sote tukidhani kasinzia. Akainua kichwa.

"Nkwe wangu, hao watu wa Msangamkuu umesema wangapi?"

"Thelathini, bibi."

"Thelathini lini?"

"Kwa wastani, bibi."

"Huyo Wastani simjui. Yeye wa upande gani?"

Watu wakacheka, nami nikacheka kwa adabu. Bibi hakucheka. Akasema, "Watu wa Msangamkuu hawaji nusu," akajifunika khanga yake, akalala kweli.

Ushahidi mwingine ulipita mbele ya macho yangu. Wiki tatu kabla ya harusi, shangazi wa Msangamkuu alivuka kuja sokoni kununua khanga za sare. Mimi mwenyewe nilimbebea mzigo mpaka kwenye pantoni, na ulikuwa mzito. Mzigo wa khanga za watu thelathini unabebwa kwa mkono mmoja. Mimi nilibeba begani nikatokwa jasho, huku namweleza shangazi maana ya tukio huru, yaani lisilotegemea jingine. Akawa anaitikia "ehee, ehee," kama mtu anayembembeleza mtoto wa mwenziwe.

Siku ikafika, Jumapili mwanzoni mwa Desemba. Ndoa imefungwa, wapishi wamepakua pilau kwenye masinia, sinia 30 zimepangwa chini ya turubai kama wanajeshi. Mimi nimesimama langoni na kalamu sikioni, nahesabu watu wa mjini. Wanakuja mmojammoja, wawiliwawili, huyu ana msiba, yule mwanawe anaumwa, kila mtu na lake. Mpaka wanakaa, 129. Nilitarajia 126! Nikatafuta mtu wa kumwambia, nikamkosa.

Halafu nikasikia vigelegele kutoka upande wa barabara inayotoka feri.

Walikuwa sitini. Wote wamevaa khanga zilezile nilizozibeba begani, wanaume wana vipande vyake mabegani, na mbele yao shangazi, kashika kijiti chenye leso, anaongoza wimbo. Sikuhitaji kuhesabu lakini nikahesabu, maana mkono ulishazoea. Sitini.

Sasa nikueleze kilichopita kichwani mwangu palepale langoni, maana ndicho kilichonivunja miguu. Mimi nilikuwa nimemchukulia kila mtu wa Msangamkuu kama shilingi inayorushwa peke yake: kichwa anakuja, mwenge haji. Shilingi sitini zikirushwa, zote kuangukia kichwa, uwezekano wake ni nusu kuzidishwa kwa nusu mara sitini. Mara moja katika bilioni ya mabilioni, na chenji inabaki. Ungefungisha harusi moja kila sekunde tangu dunia iumbwe, hujatarajia kuiona. Na mimi ilikuwa inanijia na vigelegele, tena kwa mujibu wa daftari ilikuwa inatokea kama kawaida, shughuli moja ndiyo, moja siyo.

Maana Msangamkuu hakuna shilingi sitini. Kuna moja tu, nayo ni shangazi. Akipanda pantoni, wote wanapanda. Akinuna, mfano hakupelekewa taarifa mapema, au mtu kamtumia ujumbe wa simu badala ya kwenda mwenyewe, hapandi hata paka. Ile 30 yangu haikuwahi kutokea hata siku moja katika maisha ya ukoo ule. Ningepima mtawanyiko wa zile namba sita, yaani kwa kawaida ziko mbali kiasi gani na wastani, kazi ya dakika tatu ninayowapa watoto kama zoezi la nyumbani, ningekuta nao ni 30, sawasawa na wastani wenyewe. Namba zilikuwa zinapiga kelele kwamba hapa katikati hapakai mtu. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, walipoandikiana barua kuhusu kugawana pesa za kamari iliyokatishwa njiani, mambo yaliwanyookea kwa sababu wao walihesabu mchezo wa bahati. Dadu halina shangazi.

"Thelathini wako hao?" mke wangu akaninong'oneza.

"Lakini watu wa mjini nimewapatia," nikasema. "Tofauti watatu tu."

Aliniangalia kwa namna ambayo sitaieleza hapa.

Nilikuwa bado najipanga ndipo honi ikalia. Fuso. Tandahimba, adhuhuri imepita kidogo, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nikaanza kumwomba Mungu iwe imebeba korosho. Ilikuwa imebeba watu, wamesimama wanaimba, 60 na dereva na konda wake. Shemeji mkubwa akanijia mbio na daftari, kama vile daftari lingewapunguza.

"Si ulisema mbili kwa tano?"

Nikalifungua, na mara hii nikasoma hadi tarehe. Zile mara mbili walizokuja, zote zilikuwa Novemba na Desemba. Zile tatu walizokosa, Aprili, Juni, Agosti. Desemba ni msimu wa korosho. Mnada umepita, malipo yameingia, na yakiingia kijijini huingia kwa wengi wiki ileile. Aprili hata nauli ya bajaji hakuna. Nilitakiwa kuuliza uwezekano wa kuja ikiwa korosho zimelipwa, na kwa daftari lile jibu ni mbili kwa mbili. Mimi nikachanganya masika na msimu, nikapata watu 24 ambao wangekuja kwenye fuso yenye nafasi ya kujinyoosha.

Jumla 251, sinia 30. Nikapiga hesabu ya dharura: walaji wanane kwa sinia badala ya sita, 240. Wamebaki kumi na mmoja. Nikaenda kulitangaza chini ya turubai, nikasema kwa upole kila sinia iongeze wawili. Mzee mmoja wa Tandahimba akaniuliza kama nimeona mikono yake. Kweli ilikuwa mikono mikubwa, mikono ya kupalilia mikorosho, na alikuwa amekaa na wenzake watano wa namna hiyo.

Wapishi walinitazama nilipoingia jikoni kusema tunahitaji kilo 12 nyingine. Mmoja akazima kijinga chake cha moto ndani ya maji, jishshsh, akaenda kukaa. Mchele ukanunuliwa dukani kwa mkopo, nyama haikupatikana, na kuni zilizobaki zilikuwa mbichi. Nilipuliza ule moto kwa kinywa changu, nikiwa na kanzu mpya nyeupe, mpaka nikatoka natazamika kama mkaa uliooa. Kuziba pengo, nikamtuma kijana wa tuisheni, yule wa korosho, akanunue ming'oko yote ya yule muuzaji wa kona. Akarudi nayo pamoja na salamu: mwenye biashara anasema leo amekuuzia yote, ya juu na ya chini, hakuna upendeleo.

Wali mweupe ukaiva ikikaribia alasiri. Ulikuwa na harufu ya moshi na chumvi ya watu wawili waliotia bila kuambiana. Watu walikula. Sinia zilirudi jikoni tupu, na yule kijana akanikonyeza, "Bila kurudisha, mwalimu."

Jioni nikawasindikiza wa Msangamkuu mpaka feri, nimebeba vifurushi, adhabu niliyojipa mwenyewe. Shangazi alikwishasimuliwa yote na bibi. Akapanda pantoni, akageuka, akawahesabu watu wake kwa kijiti, halafu akapaza sauti mpaka wavuvi wakageuka:

"Mwalimu Thelathini! Njoo uhakikishe, tumetimia nusu?"

Jina likabaki.

Machi iliyofuata yule bwana harusi... hapana, usihesabu miezi, ilikuwa Machi ya mwaka wa pili, akapata mtoto. Akika. Shemeji mkubwa, kwa sababu anazozijua yeye, akanipa tena daftari. Safari hii sikugawanya chochote. Tandahimba: Machi, hakuna korosho, sifuri. Msangamkuu: nikavuka mwenyewe, nikakaa kwenye mkeka, nikala samaki, ndipo nikauliza. Shangazi akasema mwaka huu msamehe, kifua kinambana, hatavuka. Nikaandika sifuri, nikapiga mstari chini. Watu wa mjini niliwapigia hesabu yangu ileile, nikaongeza kidogo kwa usalama. Sinia zikaenea, hakuna aliyebanana, hakuna kilichobaki. Mke wangu akanitengea sahani yangu pembeni, iliyojaa, paja la kuku juu. Nikanawa mikono, nikakaa.

Shangazi akaingia. Peke yake, na koti la baridi na karatasi za dawa mkononi.

"Nimetoka Ligula kupimwa kifua," akasema. "Nikaona nipite nimwone mtoto." Akatazama masinia matupu, akanitazama mimi, akaitazama sahani. "Safari hii ulituandika wangapi?"

Sikujibu. Akakaa, akanawa, akachora mstari kwa kidole katikati ya pilau yangu, kutoka ukingo hadi ukingo, akalivuta paja la kuku upande wake.

"Haya, mwalimu," akasema. "Nusu yako hiyo hapo."